Nyuzi katika Java: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuendesha methodi kadhaa kwa wakati mmoja

Kila kundi ninalolifundisha Java jioni huja na maswali yaleyale. Mengi hunifikia usiku, mtu akiwa amehangaika na programu iliyokubali jana na kukataa leo bila yeye kugusa mstari hata mmoja. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mifano ni ya Java, ila anayeandika C# au Kotlin hatajiona mgeni. Nitasema "uzi" na "nyuzi". Kazini wengi tunasema "thredi", ni kitu kilekile.

Uzi ni nini hasa?

Ni mtu mmoja anayesoma msimbo wako mstari kwa mstari na kuutekeleza. Programu ya Java huanza na mmoja, yule anayeingia `main`, methodi (kipande cha msimbo chenye jina) ambayo programu huanzia. Ukianzisha wa pili, naye anasoma msimbo uleule, kwa mwendo wake, pengine kwenye kore nyingine ya prosesa.

Fikiria jiko la mama lishe. Akiwa peke yake anachemsha chai, halafu anasukuma chapati, halafu anaonja maharage. Akija msaidizi, kazi inaenda haraka, lakini jiko ni lile, sufuria ni zile, kopo la chumvi ni moja. Wa kwanza anaonja maharage, anaona hayana chumvi, anageuka kuchukua kopo. Wa pili naye anaonja muda huohuo, anaona hayana chumvi. Mchana wateja wanakunywa maji tu. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alionja kabla ya kutia, kama inavyotakiwa.

Katika Java, kila uzi una vigeu vyake vya ndani ya methodi na orodha yake ya methodi zilizoitana. Hiyo ni mali yake, hakuna mwingine anayeigusa. Objekti zenyewe, yaani vitu vinavyobeba data pamoja na methodi zake, ziko kwenye kumbukumbu moja inayotumiwa na nyuzi zote. Maharage ni objekti.

Nina methodi tayari. Naipaje uzi wake?

```
Thread uzi = new Thread(() -> risiti.tuma());
uzi.start();
```

Basi. Kabla ya Java 8 ya mwaka 2014 ulilazimika kuandika klasi nzima yenye `run()` kwa ajili ya mstari huo mmoja, ndiyo maana vitabu vya zamani vina kurasa nyingi juu ya jambo hili.

Vitabu hivyohivyo vitakuonyesha njia ya kurithi klasi `Thread`. Mimi siipendi. Java inamruhusu mtoto mzazi mmoja tu, na wewe umeshampa huyo. Zaidi ya hapo, unachanganya kazi na mfanyakazi: kutuma risiti ni kazi, uzi ni wa kuifanya. Andika kazi kama `Runnable`, yaani objekti yenye methodi `run()`, kisha mpe yeyote aliye tayari.

Mbona nimeita `run()` na programu imesubiri kama kawaida?

Kwa sababu `run()` ni methodi kama methodi nyingine. Ukiiita mwenyewe, uzi wako ndio unaoingia ndani na kuifanya. Anayeanzisha uzi mpya ni `start()`. Huo uzi mpya ndio utakaoita `run()` kwa niaba yako.

Usione aibu. Niliwahi kuandika programu ya kutuma SMS za ada kwa wazazi wa shule moja. Kioo kikawa kinaganda tangu ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho. Nililaumu mtandao, nikalaumu modemu, nikambembeleza mhasibu aongezewe RAM. Siku ya tatu nikaweka mstari huu ndani ya methodi:

```
System.out.println(Thread.currentThread().getName());
```

Kila ujumbe ukachapisha `main`. Hapakuwa na uzi wa pili tangu mwanzo. Mstari huo ninao hadi leo, ndio wa kwanza kuuandika mtu akiniambia "nyuzi zangu hazifanyi kazi".

Jambo dogo la kuongezea: objekti moja ya `Thread` huanzishwa mara moja tu. Ukiita `start()` mara ya pili utapata `IllegalThreadStateException`, hata kama uzi ulishamaliza kazi zamani.

Methodi ni ya objekti. Je, uzi nao ni wa objekti?

Hapana, na hapa ndipo wengi waliojifunza vizuri programu za objekti huteleza. Tumezoea kuichora objekti kama nyumba yenye mlango: data iko ndani, methodi ndizo zinazoruhusiwa kuigusa, `private` ndiyo kufuli. Kisha tunadhani data iko salama.

`private` inazuia msimbo wa klasi nyingine kugusa kigeu chako. Haizuii uzi. Nyuzi kumi zinaweza kuwa ndani ya methodi ileile ya objekti ileile kwa wakati mmoja, zote zimeingia kwa mlango wa mbele, zote zina haki ya kuwemo. Objekti haifanyi kazi yenyewe. Nyuzi hupita ndani yake kama watu wanaopita uani. Unapoandika klasi, jiulize: wakiwa wawili humu ndani, nini kitatokea?

Nini kitatokea?

Tuchukue mfuko wa kikundi cha kuweka na kukopa:

```
class Mfuko {
    private int salio = 10_000;

    boolean toa(int kiasi) {
        if (salio >= kiasi) {
            salio = salio - kiasi;
            return true;
        }
        return false;
    }
}
```

Salio ni shilingi 10,000. Asha na Juma wanaomba 8,000 kila mmoja, sekunde ileile, kila ombi kwenye uzi wake.

Uzi wa Asha unauliza: 10,000 inatosha? Ndiyo. Unaingia ndani, unasoma salio ili utoe hesabu, umeshika 10,000 mkononi. Hapo mfumo wa uendeshaji unausimamisha ili kumpa mwingine zamu. Uzi wa Juma unauliza: inatosha? Salio bado ni 10,000, kwa hiyo ndiyo. Unatoa, unaandika 2,000, unarudisha `true`. Juma anapewa hela. Uzi wa Asha unaamka, unaendelea palepale: 10,000 ulizoshika kutoa 8,000 ni 2,000. Unaandika 2,000, unarudisha `true`. Asha anapewa hela.

Zimetoka 16,000 kwenye mfuko wa 10,000, na kitabu kinaonyesha zimebaki 2,000. Angalia vizuri: hata salio hasi halipo la kukushtua. Mhazini atagundua siku ya kugawana, na atakayesutwa ni yeye.

Usidhani umepona kwa sababu mstari wako ni mfupi. Hata `hesabu++` ni hatua tatu: soma, ongeza, andika. Jaribu mwenyewe: nyuzi mbili, kila moja iongeze kigeu kimoja mara milioni moja. Ukipata milioni mbili kamili, endesha tena.

Ninazuiaje?

Weka `synchronized` kwenye methodi. Kila objekti ya Java huzaliwa na kufuli lake; uzi unaoingia kwenye methodi yenye neno hilo hulishika, na wengine husubiri nje hadi utoke. Wazo la kufungia data na methodi zake chumba kimoja lilitoka kwa Per Brinch Hansen na Tony Hoare mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Java ikalibeba tangu toleo la kwanza mwaka 1996.

Kuna masharti. La kwanza, methodi zote zinazogusa `salio` zifungwe kwa kufuli hilohilo, pamoja na ile inayosoma tu. Ukifunga mlango wa mbele ukaacha wa uani wazi, hujafunga nyumba. La pili, kwa methodi isiyo `static`, kufuli ni la objekti, si la klasi wala la methodi. Mifuko miwili ina makufuli mawili, na hiyo ni sawa. Lakini kama `hesabu` ni `static`, yaani moja kwa objekti zote za klasi, na methodi si `static`, kila objekti inashika kufuli lake huku wote wanaandika kigeu kimoja. Mtu akiniletea msimbo wenye `synchronized` na bado hesabu haitoki, mara nyingi ugonjwa ni huo.

Na usifungie methodi nzima ndani ya kufuli kama ndani yake unapiga simu kwenye seva ya mbali. Wote watasubiri mtandao wa mtu mmoja.

Nimeweka `Thread.sleep(100)` na tatizo limeisha. Niache hivyo?

Hapana. Umebadilisha muda, nyuzi zikaacha kukutana kwenye kompyuta yako. Kwenye seva ya mteja zitakutana tena, Ijumaa jioni.

Haya mambo hutokea kweli, au ni hofu za darasani?

Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa wasiopungua sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ila mojawapo ilikuwa hii tunayoizungumza: mhudumu aliyezoea kazi na kuhariri maagizo haraka aliweza kuiacha sehemu moja ya programu ikiamini jambo moja na nyingine ikiamini jingine. Kwa mhudumu wa mwendo wa polepole, kosa hilo halikujitokeza. Ndiyo maana ilichukua muda mrefu watu kuamini kwamba kosa lipo.

Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario, watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. Nyaya ziligusa miti, jambo ambalo waendeshaji wa gridi wamelizoea. Ila huko Ohio mfumo wa kengele ulikuwa umekwama bila kusema, kwa kuwa sehemu mbili za programu ziliandika data moja kwa wakati mmoja, na waliokuwa kwenye chumba cha udhibiti walidhani kimya kile ni usalama.

`volatile` ni nini? Je, inachukua nafasi ya `synchronized`?

Haichukui. `volatile` inahakikisha kuwa ulichoandika wewe, uzi mwingine utakiona. Bila hiyo, uzi unaozunguka kwenye `while (endelea)` unaweza usione kamwe kwamba umeweka `endelea = false`, kwa sababu mfumo wa Java unaruhusiwa kukisoma kigeu mara moja na kukikumbuka. Kwa bendera kama hiyo `volatile` inatosha. Kwa `hesabu++` haitoshi. Zile hatua tatu bado ni tatu. Kwa kuhesabu tumia `AtomicInteger` au `AtomicLong`, ambazo hufanya hatua zote tatu kwa mkupuo.

Methodi yangu inarudisha jibu. Nalipokeaje kutoka uzi mwingine?

`run()` hairudishi kitu, kwa hiyo watu walikuwa wakiweka jibu kwenye kigeu cha pembeni na kuomba Mungu. Java 5 ya mwaka 2004 ilileta maktaba ya `java.util.concurrent`, kazi iliyoongozwa na Doug Lea, na tangu hapo sioni sababu ya kuandika `new Thread` kwenye programu ya kazini.

```
try (var kikosi = Executors.newFixedThreadPool(4)) {
    Future<Integer> ada = kikosi.submit(() -> shule.jumlaYaAda());
    Future<Integer> madeni = kikosi.submit(() -> shule.jumlaYaMadeni());
    System.out.println(ada.get() - madeni.get());
}
```

Kikosi kina nafasi za nyuzi nne. Unawapa kazi, wanakupa `Future`, ambayo ni kama tiketi ya fundi nguo: jibu halijawa tayari, lakini unajua pa kulidai. `get()` ni kwenda kulidai, na kama halijawa tayari utakaa kwenye benchi hadi liwe.

Kosa linalonichosha ni mtu kuita `submit` na kufuatisha `get` papo hapo, ndani ya kitanzi. Umempa fundi shati, umekaa kulisubiri, ndipo ukampa suruali. Una mafundi wanne na anayeshona ni mmoja. Toa kazi zote kwanza, tiketi ziweke kwenye orodha, majibu ukadai baadaye.

Kazi imeisha lakini programu haifungi. Kwa nini?

Kikosi hakijavunjwa. Nyuzi zake bado zinasubiri kazi, na Java haizimi ilhali uzi wa kawaida uko hai. Ile `try` ya juu inakivunja yenyewe, ila inakubalika kuanzia Java 19. Kwa matoleo ya nyuma ita `shutdown()`.

Methodi imeanguka ndani ya uzi, lakini sioni kosa popote.

Umetumia `submit` na hukuwahi kuita `get()`. Kosa limefungiwa ndani ya `Future` na litatoka siku utakapofungua, likiwa limevikwa `ExecutionException`. Lile la kweli linapatikana kwa `getCause()`. Kwenye `Thread` ya kawaida mambo ni tofauti: kosa huchapishwa, uzi unakufa, na `main` inaendelea kana kwamba hakuna msiba. Kwa vyovyote vile, `try/catch` uliyozungushia `start()` haitanasa chochote. Uzi wako ulishaondoka pale.

Programu imekwama, prosesa imetulia tu, hakuna kosa. Nini hicho?

Huenda ni mkwamo wa makufuli. Unahamisha fedha kutoka mfuko wa kwanza kwenda wa pili: unashika kufuli la kwanza, kisha la pili. Uzi mwingine unahamisha kinyume: umeshika la pili, unataka la kwanza. Ni malori mawili yaliyokutana katikati ya daraja la njia moja, na hakuna anayerudi nyuma.

Dawa yake ni ya adabu tu: wote washike makufuli kwa mpangilio mmoja. Ipe kila mfuko namba, na daima anza na yenye namba ndogo, hata kama fedha inatoka kwa yenye namba kubwa. Kuthibitisha ugonjwa, tafuta namba ya programu kwa `jps`, kisha endesha `jstack` ukiipa namba hiyo. Ikikuta mkwamo wa aina hii itakuandikia waziwazi nyuzi zipi, zimeshika nini na zinasubiri nini, hadi mstari wa msimbo. Wengi hawajui kwamba zana hii imo tayari kwenye JDK yao, kile kifurushi cha zana za kuandikia Java.

Naweza kuua uzi?

`stop()` ilikataliwa tangu Java 1.2 mwaka 1998, na kuanzia Java 20 ukiiita unapata kosa tu. Iliua uzi katikati ya kazi, ukiwa umeshakata salio la mmoja na hujamwongezea mwingine. Siku hizi unaomba: `interrupt()`. Ndani ya kazi uwe na tabia ya kuangalia kama umeombwa utoke, na ukinasa `InterruptedException` usiiache `catch` tupu. Ukifanya hivyo ombi limepotea na aliyeomba hatajua.

Klasi za Java zenyewe ni salama?

Baadhi. `ArrayList` na `HashMap` si salama. `SimpleDateFormat` nayo si salama, na hiyo ninaikumbuka kwa jina. Niliiweka `static` ili nisiitengeneze mara kwa mara, nikajiona mjanja. Risiti zikaanza kutoka na tarehe za ajabu, mwezi wa mtu huyu na mwaka wa mtu yule, na hilo lilitokea siku za mwisho wa mwezi tu, wateja wakiwa wengi. Badala yake ipo `DateTimeFormatter`, tangu Java 8. Yenyewe haibadiliki ikishatengenezwa, na kitu kisichobadilika hakihitaji kufuli, hata kikisomwa na nyuzi elfu. Ukiweza kuifanya klasi yako iwe hivyo, kwa `record` au kwa vigeu vyote `final`, umepunguza nusu ya maswali ya ukurasa huu.

`ConcurrentHashMap` ni salama, lakini usalama wake ni wa wito mmoja mmoja. Ukiita `get`, ukaongeza moja, ukaita `put`, umerudi kwenye chumvi ya maharage. Tumia `merge`, inayofanya yote kwa mkupuo.

Kwenye Android je?

Kioo kinamilikiwa na uzi mmoja, ule mkuu. Ukifanya kazi ya mtandao humo, Android itakurushia `NetworkOnMainThreadException`. Ukiuzuia kwa njia nyingine na mtumiaji akagusa kioo sekunde 5 bila jibu, mfumo humuuliza kama anataka kuifunga programu yako. Kazi nzito ipeleke kando, jibu lirudishe kwa uzi mkuu ndipo uandike kwenye kioo.

Nianzishe nyuzi ngapi?

Inategemea nyuzi hizo zinakokotoa au zinasubiri.

Kama zinapiga hesabu nzito, idadi ya kore inatosha, `Runtime.getRuntime().availableProcessors()` itakuambia. Nyuzi 100 kwenye kore 4 ni foleni ya watu 100 kwa viti 4, na kupishana kwenyewe kunakula muda. Tena si kila kazi inagawanyika. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo: kama robo ya kazi lazima ifanywe na mmoja, hata ukileta kore 1,000 hutafika kasi zaidi ya mara 4.

Kama zinasubiri, kwa mfano majibu ya mtandao, hadithi ni nyingine. Uzi wa kawaida ni mzito. Kwenye Linux ya biti 64 Java huutengea megabaiti 1 ya nafasi ya anwani kwa ajili ya miito yake. Java 21, Septemba 2023, ilileta nyuzi pepe, nyepesi kiasi kwamba unaweza kuwa na malaki. Uzi pepe unaposubiri, huachia uzi halisi uliokuwa umeubeba ukabebe mwingine. Mwanzoni, ukisubiri ndani ya `synchronized`, uzi pepe ulinasa na kumshikilia aliyeubeba. Java 24 ya mwaka 2025 ililitatua hilo.

```
try (var kikosi = Executors.newVirtualThreadPerTaskExecutor()) {
    for (Mzazi m : wazazi) {
        kikosi.submit(() -> tumaUjumbe(m));
    }
}
```

Programu yangu ya SMS ningeiandika hivyo leo. Ila kabla hujarusha nyuzi 10,000, angalia zinakokwenda. Kama hifadhidata yako inakubali miunganisho 10, nyuzi 9,990 zitasimama mlangoni na baadhi zitachoka kusubiri na kurudi na makosa. Weka `Semaphore`, mlinzi wa kugawa vibali, yenye vibali 10 mbele ya hifadhidata, `acquire()` kabla ya kuingia, na `release()` ndani ya `finally`. Ukiisahau hiyo `finally`, kila kosa litaondoka na kibali kimoja, na baada ya makosa kumi programu itasimama kimya huku `jstack` ikiapa kwamba hakuna mkwamo.